Mbona Baba Hanywi Maziwa?

9 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na Baba. Huku tunasukuma siku. Dari la chumba cha nyuma linavuja tena palepale ulipopaziba kwa lami, kwa hiyo usijisifu tena mbele ya watu kwamba wewe ni fundi. Paka aliyetuachia Mama marehemu amezaa ndani ya kapu la nguo safi, na mimi ndiye niliyelazimika kutafuta kapu jingine. Mama Friji wa ng'ambo ya barabara ameongeza friji la pili, la kioo, lenye taa ndani, na zile pakiti zake za maziwa anazipanga kama vitabu. Wateja wangu wanasimama kuangalia taa. Waache waangalie.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu nikikuuliza jambo unaanza kukohoa, halafu mtandao unakata. Kwenye karatasi hutaweza kukohoa. Dereva wa lori lenu la magodoro amekubali kuwa tarishi wetu kila akipita huku, na sijaona mtu anayependa kazi ya utarishi kama yule.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nilimpa dereva dumu la mtindi na kopo la samli, vyote vya Baba. Juzi nilimuuliza kama vilifika. Akasema vilifika salama, ila alipopita tena kwenu alimwona mama wa ghorofa ya chini na dumu langu, lile lenye kifuniko chekundu, anawamiminia watoto wake. Nilimwapisha, akaapa. Niambie basi, mtindi wa Baba unafanya nini kwenye vikombe vya watu?

Baba bila maziwa mimi simjui. Tangu nipate akili nimemwona kila asubuhi anasimama mbele ya kaunta, anachota kikombe cha kwanza kutoka kwenye dumu, anakunywa chote wateja wakimtazama, kisha anakigeuza juu chini waone hakuna kilichobaki. Ndipo anaanza kuuza. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kutuuliza kama tumeongeza maji au tumetia dawa ya kuyafanya yasiharibike. Alipokuja kwenu kutibiwa macho alinikabidhi kikombe kile mkononi, akasema nisiruke hata siku moja, na sijaruka. Alisema anakuja kwa wiki chache. Macho yamepona zamani, mwaka tangu aje kwenu unakaribia kwisha, na kila nikiuliza anarudi lini naambiwa bado bado. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu.

Mwambie tumbo langu ni lilelile, linanguruma mchana kutwa, lakini kazi inakwenda.

Ni mimi, dada yako.


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika, tumeisoma tukacheka sana habari za paka. Sisi hatujambo. Karakana imepata kazi ya magodoro ya bweni, kwa hiyo nakata sponji tangu asubuhi, na nikirudi nyumbani unga wake mweupe umeniganda mpaka kwenye kope. Wifi yako bado yuko kwa dobi, anapiga pasi mashuka ya hoteli. Anakusalimu. Anasema kama una shati la Baba lililobaki huko, mtume dereva alilete, haya aliyokuja nayo yamembana.

Umeona basi? Baba amenenepa. Anatembea mpaka sokoni na kurudi, analala usingizi mzuri, hana neno.

Kuhusu mtindi, ni jambo dogo. Joto la njiani lilikuwa kali, ukachacha, tukaona tusiutupe, tukampa jirani. Kwa sasa usijisumbue kutuma tena, Dada, mpaka joto lipungue. Samli ipo kabatini.

Halafu hilo tumbo lako. Umekwenda hospitali? Nenda, usipuuze. Linakuuma zaidi saa gani?

Ndimi mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila nikiisoma machale yananicheza.

Mtindi umechacha? Wewe umelelewa nyuma ya kaunta ya maziwa, umekula, umevaa na umesoma kwa maziwa, leo unaniandikia kwamba mtindi umechacha? Mtindi ni maziwa yaliyochacha! Ndiyo kazi yake! Na kama uliharibika kweli, mnawapaje watoto wa jirani kitu kilichoharibika? Ama umenidanganya, ama unawaumiza watoto wa watu. Chagua mwenyewe.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi najua nyumba ni ya nani. Wifi alipokuja huku mara ya mwisho aliketi nyumba nzima ikinywa chai ya maziwa, yeye akaomba ya rangi. Nikasema labda ni aibu ya ugenini. Sasa naona lilikuwa jambo la muda mrefu. Kuna watu wakisikia kitu redioni wanataka ukoo mzima ufuate. Kama amemkataza mzee wa watu maziwa, mwambie Baba hakuja kwake kujifunza kula. Mzee wa umri ule unamwondolea maziwa, mifupa itashikwa na nini?

Nataka Baba aniandikie mwenyewe. Macho si yamepona?

Umeniuliza habari za tumbo. Hospitali nilikwenda, wakasema vidonda, wakanipa vidonge, nimemeza mpaka nimechoka. Lakini mimi nina mashaka yangu na nitakuambia wewe tu. Mama Friji amekuwa akiniletea chai ya tangawizi asubuhi, eti ujirani mwema. Tumbo linaanza kunivuruga muda mfupi baada ya kufungua. Linajaa, linanguruma, nakimbia chooni wateja wakiwa wamepanga foleni. Jioni linapoa. Jumapili tukiwa tumefunga kibanda, na yeye akiwa amekwenda kwa ndugu zake, ninashinda mzima wa afya. Unaona? Nimeacha kunywa chai yake. Bado halijatulia, kwa hiyo anatumia njia nyingine. Namchunguza.

Dada yako, ambaye si mjinga.


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Lori liliharibika gia, likakaa gereji muda mrefu, na sisi tumekuwa na mambo mengi. Dada, nakuomba mwache Mama Friji. Hana kosa.

Nitakuambia ukweli, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kuniandikia. Baba ameacha maziwa. Hanywi mabichi, hanywi yaliyochemshwa, hataki mtindi. Ameacha tangu wiki ile ile aliyofika. Hakukatazwa na mtu. Wifi yako alimwandalia chai ya maziwa siku ya kwanza, akaisogeza pembeni, akasema, "Mkwe, nipe ya rangi, hapa hakuna mteja." Hatukuelewa maana yake, tukadhani anatania.

Mwanzoni alikuwa anaogopa kidogo. Alisema mtu aliyekunywa kila siku akiacha ghafla huenda akaanguka. Hakuanguka. Baada ya muda gesi iliyokuwa inamsumbua ikaisha, akaanza kula vizuri na kulala bila kuamka amka. Hilo ndilo lililomnenepesha.

Kwa nini hatukukuambia? Yeye ndiye aliyekataa. Usiniulize zaidi ya hapo. Kuandika anasema hajisikii kwa sasa.

Ndimi mdogo wako.


28 Aprili

Wewe,

Leo sina salamu.

Hajisikii kuandika! Vizuri sana. Dereva amemwaga mtama wote hapa kaunta, akiwa na mkate wangu mdomoni. Baba ana plasta kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Ni mkono wa kulia! Ndiyo maana hajisikii kuandika. Alivunjika kabla hujaandika barua yako ya upole, na wewe ukaniambia habari za gia za lori.

Nilisema. Nilisema mifupa itashikwa na nini, nikaonekana mpiga kelele. Mmemwondolea maziwa miezi yote hiyo na sasa amevunjika kama kijiti. Halafu mnanenepesha maneno, eti analala vizuri! Na mgonjwa naye analala.

Sasa sikiliza. Mwisho wa mwezi ujao nafunga kibanda nakuja kumchukua. Sitalala kwenu. Nitashuka, nitamfungasha, nitapanda naye gari la kurudi. Huku atakunywa maziwa yake asubuhi kama alivyokunywa maisha yake yote, mbele ya watu wanaomjua. Na wifi asinipokee mlangoni na tabasamu lile, kwa sababu nitamwambia mambo ambayo hayafutiki.

Ni Baba yangu pia. Ulimchukua na macho yake mabovu, mimi nikabaki na madumu. Sikulalamika. Lakini sitakaa nisubiri kuambiwa na dereva wa lori kwamba amekufa.

Dada yako.


12 Mei

Dada,

Shikamoo. Nilikuwa nimeapa. Leo navunja kiapo, na Baba akijua atanuna mpaka mwaka uishe, lakini afadhali hivyo kuliko wewe kuja kumtukana mtu ambaye anamwosha mzee mgongo kwa sababu mkono mmoja haufiki.

Alianguka kwenye ngazi za nyumba yetu. Mama wa chini alikuwa amezideki, hazijakauka, na Baba alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani, anakataa kusaidiwa. Unamjua. Hospitali daktari alisema mkono umevunjwa na ngazi, mwaka mmoja bila maziwa hauwezi kuozesha mifupa ya mtu. Ila alituuliza, baada ya kuacha maziwa aliweka nini mahali pake? Hakuwa ameweka kitu. Chai ya rangi na mkate, mkate na chai ya rangi. Daktari akatugombeza sote watatu. Akasema kuacha si kosa, lakini kile ambacho maziwa yalikuwa yanaipa mifupa lazima kitoke mahali pengine. Mboga za majani kila siku, maharage, ufuta, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na jua la asubuhi. Akampa na vidonge. Tangu siku ile wifi yako anakaanga dagaa kabla ya kwenda kwa dobi, na mashuka ya hoteli sasa yananuka dagaa, ameshaonywa kazini.

Kisha daktari akamuuliza, "Mzee, maziwa yalianza kukusumbua lini?" Baba akamwangalia wifi yako. Wifi yako akaelewa, akatoka nje, maana mzee hawezi kusema habari za tumbo lake mbele ya mkwe. Alipotoka Baba akasema, "Tangu nilipokuwa kijana." Nilidhani sikusikia vizuri. Dada, maisha yake yote! Kila asubuhi alikunywa kikombe kile, akakigeuza, akauza, halafu akaenda kujikunja nyuma ya mlango wa stoo. Sisi tulidhani anahesabu madumu.

Daktari hakushangaa hata kidogo. Anasema watu wazima wengi sana wako hivyo, utumbo unaacha kuivunja ile sukari ya maziwa, ndiyo gesi, ndiyo kuhara, ndiyo tumbo kuvimba. Wapo ambao mtindi hauwasumbui sana, wapo ambao hata huo hawauwezi. Si sumu, na wala si kulogwa.

Nilimuuliza Baba njiani kwa nini hukuambiwa. Akasema, "Dada yako akijua ataacha kunywa, na siku akiacha kunywa kibanda kimekufa. Muuza maziwa asiyekunywa maziwa yake, wewe ungenunua?" Ndiyo akaniapisha.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linaloninyima raha. Daktari alimuuliza kama kuna mtoto wake mwenye tumbo la namna hiyo, kwa sababu huwa linatembea ndani ya ukoo. Mimi nilitaka kusema. Baba akanitangulia, akaanza kuuliza plasta itatolewa lini.

Soma tena yale uliyoniandikia kuhusu Jumapili.

Ndimi mdogo wako.


2 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mpe wifi salamu zangu. Nitamwomba radhi kwa mdomo wangu siku tukionana, kwenye karatasi siwezi, mkono unakuwa mzito. Sijaja mwisho wa mwezi kama nilivyotisha. Utajua kwa nini.

Nilitaka kuona mwenyewe, kwa sababu mimi siamini daktari wala wewe. Nikaamua niache kikombe siku chache nisikilize tumbo. Lakini nitaachaje mbele ya watu? Nikapanga kujifanya. Nikachota, nikaweka kikombe mdomoni, nikainua shingo, nikameza mate. Wote wakaniangalia, wakaridhika. Halafu mkono, mdogo wangu, mkono umezoea kazi yake. Ukakigeuza kikombe juu chini.

Maziwa yote yakanimwagikia kifuani. Kikombe kizima! Fundi viatu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, yakamfikia mpaka kwenye magoti. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kuita wateja, "Kumbe hakunywa! Mwenyewe anayaogopa!"

Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kuna kitu ndani ya maziwa yangu. Kila mtu amekuja na lake. Kuna anayesema natia unga, kuna anayesema dawa ya kuhifadhia maiti. Mwalimu mstaafu, ambaye amenunua kwetu tangu Mama akiwa hai, alikuja na kikombe chake, akayanusa kama mbwa wa polisi, akasema atapita kesho. Hajapita. Mama Friji naye amewasha taa zake zote mbili mchana kweupe. Madumu yanabaki yamejaa, nayageuza samli usiku na mchana nisiyamwage, na mikono yangu inanuka moshi.

Na tumbo? Tumbo limetulia. Limetulia kama Jumapili, na Mama Friji yuko palepale ng'ambo ananitazama. Nimemkosea yule mwanamke, lakini sitamwambia. Nimelala usiku mzima kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Ningefurahi kama nisingekuwa nimekasirika hivi.

Maana nimekasirika. Wewe hukusimama juu ya kreti. Ni mimi. Siku ambazo Baba "hajisikii vizuri" alinipandisha juu ya kreti nikiwa bado sijafikia kaunta, na sare yangu ya shule, ninywe kikombe cha kwanza badala yake. Watu walipenda. Walipiga makofi. Mtoto akinywa, nani ataogopa? Halafu sifiki shule, narudi nusu ya njia nimejishika tumbo, na yeye ndiye aliyekuwa ananisugua mgongo na kuniambia mimi ni mdekaji. Mdekaji! Mpaka leo ukiniuliza kwa nini sikuendelea na shule nakuambia nilikuwa mvivu. Labda nilikuwa mvivu. Labda sikuwa.

Sasa nakupa mambo mawili. La kwanza, nimedai arudi miezi yote hii, leo nasema asirudi. Mbakishe huko na dagaa zake. Akisikia kibanda kinakufa atakuja kusimama pale na kunywa kuniokoa, na mimi sitaki kuokolewa namna hiyo. Usimwambie.

La pili, muulize. Usimzunguke. Muulize kama alijua kwamba na mimi tumbo langu ni kama lake. Muulize alijua wakati ule, niko juu ya kreti. Niandikie atakachosema, hata kama ni neno moja.

Dada yako.


14 Juni

Dada,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimesimama karakana, dereva ananipigia honi.

Nilimuuliza kama ulivyotaka, tukiwa mezani. Hakujibu. Alimaliza kula, akanawa, akakaa kitandani akiangalia ukuta. Nilimwacha. Jana asubuhi akaniuliza, "Kibanda kimekufa?" Unajua mimi siwezi kumdanganya nikiwa sina pa kukoholea. Akaomba begi lake. Wifi yako alijaribu kulificha, Baba akalikuta chini ya meza ya pasi.

Plasta imetolewa wiki iliyopita, lakini asibebe kitu kwa mkono ule. Vidonge viko mfuko wa pembeni. Barua hii amepewa yeye aishike, yuko kwenye lori, kiti cha mbele. Naogopa alichokusudia. Usimruhusu anywe, Dada. Mimi nimeshindwa, tafadhali wewe usishindwe.

Ndimi mdogo wako.


23 Juni

Mdogo wangu,

Amefika. Alishuka lori likiwa bado halijasimama vizuri, na wewe unaniambia habari za kuutunza mkono. Alinipa barua yako mwenyewe, ikiwa imekunjwa na imefunguliwa, kwa hiyo ameisoma, na ile yangu nadhani aliisoma pia huko kwenu. Wewe huwa unaacha vitu juu ya kabati.

Asubuhi akanitangulia kibandani. Nilimkuta amevaa shati lililopigwa pasi na wifi, kikombe kiko mkononi. Nikamnyang'anya. Nilimnyang'anya kwa nguvu, mbele ya watu, Baba yangu mzazi, na mkono ule mbovu. Kulikuwa na wateja wachache, waliokuja kuona kuliko kununua, na fundi viatu amesimama mbele kama hakimu.

Baba akawageukia. Akasema, "Maziwa haya ni mazima. Sisi ndio tumbo letu haliyataki. Langu haliyataki tangu ujana, na la huyu binti vilevile." Fundi viatu akauliza, "Na miaka yote ile uliyokuwa unakunywa mbele yetu?" Baba akasema, "Nilikuwa nakunywa. Mkishaondoka nilikuwa nakimbilia chooni." Watu wakacheka mpaka Mama Friji akatoka nje kuuliza kuna nini.

Usidhani waliamini wote. Mwanamke mmoja alisema huo ni ujanja mpya, akaenda zake moja kwa moja kwenye taa za Mama Friji. Mwingine akataka kuona kichujio. Nikamwonyesha. Fundi viatu akauliza, sasa kama wenyewe hamnywi, ataonja nani? Baba akamwambia, "Onja wewe. Una mdomo." Akachota, akanywa kidogo, akakaa anasikilizia, wote tukimtazama kama anayekata roho. Kisha akanunua. Siku hizi anayekuja wa kwanza ndiye anayeonja, na wanagombania nafasi hiyo kwa kuwa ni bure. Wengi bado hawajarudi. Mwalimu mstaafu amerudi, anaonja na kutoa maksi.

Sasa lile ninalotaka kukuambia. Jioni, tukiwa tumefunga, nilimpikia dagaa kwa mboga za majani kama mlivyoagizwa, tukakaa jikoni na chai ya rangi. Alikuwa anazungumza habari za dari linalovuja. Nikamkatisha. Nikamwambia, "Baba, nilikutumia swali. Ulijua?"

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Nilijua. Nilikuwa nakuona unavyojikunja, nikawa najiona mimi."

"Na bado ukanipandisha kwenye kreti?"

"Nilidhani utazoea."

Nikamuuliza, "Kwani wewe ulizoea?"

Halafu akatikisa kichwa. "Hapana, mama," akasema. "Hata siku moja."

Akalia. Sikuwahi kumwona analia, hata kwenye msiba wa Mama. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa. Sijamsamehe bado, lakini nimemwambia asiwe na haraka ya kurudi kwenu.

Ni mimi, dada yako.